Siku tupu kwenye daftari

Daftari lina jalada la bluu na kona zilizokunjika. Nililianza siku ya tatu baada ya Baba kurudi nyumbani kutoka hospitali. Nilichora mistari kwa rula: tarehe, bega, kiwiko, vidole, kukaa bila kuegemea, kusimama kwa kushika ukuta. Zoezi likimalizika, naweka alama ya vema. Mwezi wa kwanza umejaa vema. Mwezi wa pili una mapengo matatu. Ukifika mwezi wa tano utakuta wiki nzima ya mistari isiyo na kitu, wiki ambayo mgongo wangu ulikataa hata kuinama nivae viatu.

Kwa karibu mwaka mzima niliamini kwamba mkono wa kushoto wa Baba ulipotelea ndani ya zile siku tupu.

Ni miaka minne sasa tangu kiharusi kimpate. Nimesoma tafiti nyingi usiku yeye akiwa amelala, nyingine nikizielewa kwa shida, kamusi ikiwa pembeni. Zipo zilizonihukumu na zipo zilizonifungua. Naandika kwa ajili ya mtu ambaye leo usiku amekaa kando ya kitanda cha mgonjwa wake akihesabu makosa yake mwenyewe.

Siku yenyewe ilianza kama siku nyingine. Saa mbili asubuhi Baba alikuwa amekaa mahali pake, ananieleza habari fulani ya zamani, kikombe kikamponyoka mkono wa kushoto na kuanguka. Hakukitazama. Hilo ndilo linalonirudia mpaka leo. Mtu akiangusha kitu hushtuka, huinama, husema neno. Yeye aliendelea na habari yake, ila maneno yalikuwa yametoka mazito, kama ya mtu aliyetoka kung'olewa jino.

"Baba, uko salama?"

"Nimelalia mkono. Niacheni nipumzike kidogo."

"Sawa, Baba."

Tukamfunika shuka, tukavuta pazia ili mwanga usimsumbue. Tulifanya hivyo kwa upendo. Tulipokwenda kumwamsha saa sita, upande wa kushoto wa mdomo ulikuwa umeshuka na mguu haukubali kusimama. Tulifika hospitali saa saba.

Swali la kwanza la daktari halikuwa jina wala umri. "Mara ya mwisho mlimwona akiwa mzima kabisa ilikuwa saa ngapi?" Nikajibu kwamba tumemkuta hivi saa sita. Akatikisa kichwa. "Sikuulizi mlimkuta saa ngapi. Nauliza mara ya mwisho alipokuwa mzima." Ndipo nikakitaja kikombe. Picha ya kichwa ilionyesha kwamba hakuna damu iliyovuja. Kilichozuia damu ni bonge la damu lililoziba mshipa. Ipo dawa ya kuyeyusha bonge hilo, akasema, lakini hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili ya kwanza. Sisi tulikuwa na saa tano. Huduma ya kulivuta bonge kwa mrija unaopitishwa ndani ya mshipa haikuwepo pale.

Baadaye nilikwenda kutafuta hizo saa nne na nusu zimetoka wapi. Mwaka 1995 watafiti wa Marekani walitangaza matokeo ya jaribio la watu 624 walioanza kutibiwa ndani ya saa tatu tangu dalili kuanza. Waliopewa dawa ya kuyeyusha bonge walikuwa na nafasi kubwa zaidi, kwa asilimia 30 au zaidi, ya kuwa na ulemavu mdogo sana au kutokuwa nao kabisa baada ya miezi mitatu. Dawa ilikuwa na hatari yake: kuvuja damu ndani ya ubongo kwa kiwango cha kuleta madhara kuliwapata asilimia 6.4 ya waliopewa, na asilimia 0.6 ya ambao hawakupewa. Ndiyo maana hakuna daktari anayekuchoma sindano hiyo bila kupiga picha ya kichwa kwanza. Mwaka 2008 jaribio la Ulaya likasogeza mpaka hadi saa nne na nusu. Kisha mwaka 2015 majaribio kadhaa yaliyofuatana yakaonyesha kwamba kuvuta bonge kwa mrija huwasaidia wale ambao mshipa mkubwa umeziba, na mwaka 2018 ikathibitika kwamba baadhi ya wagonjwa waliochaguliwa kwa picha wanaweza kufaidika hata hadi saa 24.

Utafiti ulioniumiza kuliko wote ni mfupi. Mwaka 2006 daktari Jeffrey Saver alipiga hesabu kwamba, kwa wastani, mshipa mkubwa ukiziba na usitibiwe, ubongo hupoteza seli za neva milioni 1.9 kila dakika. Baba alilala dakika 240. Nilizidisha nyuma ya daftari, nikafuta, na alama ya kalamu imebaki kwenye karatasi.

Nilikaa na hesabu ile muda mrefu kabla sijakutana na neno jingine, la zamani zaidi. Mwaka 1914 daktari Joseph Babinski, huko Ufaransa, alieleza wagonjwa waliopooza upande wa kushoto ambao hawakujua kabisa kwamba wamepooza. Hali hiyo akaipa jina la anosognosia. Hutokea zaidi kiharusi kinapopiga upande wa kulia wa ubongo, unaouendesha upande wa kushoto wa mwili, na ndiko kilikompiga Baba. Ile sehemu iliyopaswa kumpa habari kwamba mkono umelegea ndiyo iliyokuwa inakufa. Aliponiambia amelalia mkono hakuwa ananificha, wala hakuwa mkaidi. Alikuwa anasema ukweli wote aliokuwa nao.

Kwa hiyo ukimwona mtu wako na ukapata shaka, usimwulize anajisikiaje. Mwambie atabasamu. Mwambie ainue mikono yote miwili na kuishikilia. Mpe sentensi moja airudie. Mdomo ukienda upande, mkono mmoja ukishuka, au maneno yakivurugika, tazama saa na uondoke naye, hata kama anakuamuru umwache alale. Hata kama ni baba yako, na hujawahi kumbishia maisha yako yote.

Wodini mambo yalikuwa mageni kwetu. Alikula nusu ya kulia ya sahani na kulalamika kwamba chakula ni kidogo. Nilipoizungusha sahani alikishangaa kile kilichobaki. Aliponyoa ndevu alinyoa shavu moja. Usiku wa pili aliushika mkono wake wa kushoto kwa ule wa kulia, akaniita kwa sauti ya chini: "Mwanangu, huyu aliyelala hapa ni nani? Mwambieni atoe mkono wake." Nilitoka nje nikalia. Sikujua kwamba ubongo unaweza kuusahau upande mzima wa dunia huku macho yakiwa mazima. Muuguzi mmoja ndiye aliyenifundisha kukaa upande wake wa kushoto, kumwita kutoka huko na kumgusa mkono huo ninapozungumza, ili huo upande uendelee kuwa na mtu.

Nilimgombeza muuguzi huyohuyo siku ya kwanza. Nilitaka Baba ainuliwe, akae, asimame. Niliamini kila saa anayolala ni saa anayopooza zaidi, na walipokwenda kwa wagonjwa wengine nilimvuta mwenyewe nikamkalisha, mara nyingi nisivyoweza kuhesabu. Baadaye nilisoma jaribio liitwalo AVERT, lililochapishwa mwaka 2015, lenye wagonjwa 2,104 kutoka nchi tano. Nusu yao waliinuliwa mapema sana ndani ya saa 24, mara nyingi na kwa muda mrefu. Wengine walipata huduma ya kawaida. Waliokuwa na hali nzuri baada ya miezi mitatu walikuwa asilimia 46 kwa wale walioinuliwa kwa bidii, na asilimia 50 kwa wale wa kawaida. Yaani bidii ile ilizidi kipimo. Kuinuka mapema kwa vipindi vifupi ni sawa, lakini si kumfukuza mgonjwa kama anayekimbizwa. Wauguzi walilijua hilo. Mimi nilikuwa na hofu tu, na hofu ilijivika sura ya bidii.

Nyumbani hofu hiyohiyo ndiyo iliyonunua daftari.

Shangazi alikuja kutuona mwezi wa tatu. Ni mtu mwema, na ndiye aliyekaa na Baba usiku tatu mfululizo ili nilale. Lakini aliushika ule mkono, vidole vikiwa vimeanza kukakamaa na kujikunja kuelekea kiganjani, akasema, "Viungo vinataka mazoezi, mwanangu. Ukilegea wewe, naye analegea." Sikumjibu. Nilifungua daftari nikatazama mapengo.

Tangu siku hiyo nilizidisha. Niliongeza mistari. Nilisoma mahali kuhusu tiba ya kuufunga mkono mzima ili mgonjwa alazimike kuutumia ule mbovu, tiba iliyotokana na kazi ya Edward Taub wa Alabama. Jaribio kubwa la tiba hiyo, lililochapishwa mwaka 2006, lilikuwa na watu 222. Walivaa glovu nene kwenye mkono mzima sehemu kubwa ya muda waliokuwa macho, kwa wiki mbili, wakifanyishwa mazoezi saa nyingi kila siku, na mikono yao iliendelea vizuri kuliko ya wenzao. Nilichukua soksi nene nikamvalisha Baba mkono wa kulia. Alijaribu kufikia kijiko kwa ule wa kushoto. Mkono haukusogea. Alijaribu tena, akatulia, akanitazama, machozi yakamtoka bila sauti. Nilikuwa nimesoma nusu. Waliokubaliwa katika jaribio lile walipaswa kwanza kuweza wenyewe kuinua kifundo cha mkono na kunyoosha vidole, angalau kidogo. Baba hakuwa na hata hicho kidogo. Nilikuwa nimemfunga mkono wake pekee.

Niliivua ile soksi na sikuwahi kumweleza Shangazi.

Kosa jingine lilikuwa la bega, na hili nalitaja haraka kwa sababu linatokea katika nyumba nyingi: usimwinue mtu aliyepooza kwa kumshika kwapani, wala usiuvute mkono uliolegea. Misuli inayolishikilia bega haipo tena kazini, na kiungo huachia. Baba alikaa miezi na maumivu ambayo mimi niliyaleta kila asubuhi wakati wa kumtoa kitandani. Mtaalamu wa fiziotherapia alinionyesha kumshika kiunoni, magoti yangu yakizuia yake, na mto mdogo chini ya kiwiko akikaa. Ilichukua dakika kumi kujifunza. Ningeitoa ile miezi yote ya vema kwa hizo dakika kumi zikija mapema.

Utafiti ulionifungua niliupata usiku mmoja mwaka wa pili. Ulifanyika India, katika hospitali 14, ukachapishwa mwaka 2017 kwa jina la ATTEND. Wagonjwa 1,250 waligawanywa makundi mawili. Katika kundi moja, ndugu mmoja wa kila mgonjwa alifundishwa kumfanyisha mazoezi, akianzia hospitali na kuendelea nyumbani. Kundi jingine lilipata huduma ya kawaida. Nilisoma haraka nikitafuta idadi ambayo ingenihukumu, idadi ya waliopona kwa sababu binti zao hawakuacha siku hata moja. Baada ya miezi sita, waliofariki au kubaki tegemezi walikuwa asilimia 47. Katika makundi yote mawili.

Nilirudia sentensi ile mara tatu. Kisha nikaweka simu chini nikatazama dari.

Watafiti wenyewe walitarajia kinyume. Walitaka kupata njia ya kuwasaidia mamilioni ya watu wanaotoka hospitali bila mtaalamu wa kuwafuata nyumbani, na ingekuwa jambo jema sana kama ndugu angeweza kuziba pengo hilo. Haikuwa hivyo. Sisemi mazoezi hayana kazi. Wataalamu wanaojua lini waongeze na lini waache wanaleta tofauti, na wodi maalumu za kiharusi, zenye madaktari, wauguzi na wataalamu wa tiba wanaofanya kazi pamoja, zimethibitika kupunguza vifo na ulemavu. Ninachosema ni kwamba mtu wa nyumbani aliyeonyeshwa kwa siku chache, mwenye kufua, kupika, kuogesha na kufanya kazi nyingine, hawezi kubebeshwa mkono wa mgonjwa kama deni. Mkono wa Baba haukupotelea kwenye wiki ile ya mgongo wangu. Sehemu ya ubongo iliyouendesha iliharibika siku ya kikombe.

Upo utafiti wa London wa mwaka 2004 ninaoupenda zaidi, ingawa matokeo yake si ya kushangaza. Ulikuwa na watu 300 wanaouguza, na nusu yao hivi walifundishwa mambo ya kawaida: kuinua, kumgeuza mgonjwa asipate vidonda, kumlisha asipaliwe, kuzungumza naye. Vifo havikupungua wala ulemavu haukupungua. Lakini wale waliofundishwa hawakuelemewa kama wenzao, wasiwasi na sonona vikapungua kwao na kwa wagonjwa wao. Jaribio kubwa zaidi la Uingereza, lililochapishwa mwaka 2013, halikuweza kurudia mafanikio hayo lilipopelekwa katika wodi 36, na naona ni haki kulitaja. Hata hivyo najua dakika kumi za bega zilifanya nini nyumbani kwetu.

Neno kuuguza limezaliwa na kuugua. Sikuwahi kulifikiria mpaka nilipoanza kuumwa kichwa kila jioni. Mwaka 1999 Richard Schulz na Scott Beach walichapisha utafiti wa wazee wanaowauguza wenzi wao: waliouguza huku wakielemewa walikuwa na hatari ya kufariki iliyozidi kwa asilimia 63, ndani ya miaka minne, kuliko wasiouguza. Niliogopa sana. Kisha nikasoma mwingine wa mwaka 2013, wenye watu 3,503 wanaouguza ndugu zao, ukionyesha kinyume: walifariki wachache, hatari ikiwa chini kwa asilimia 18 kuliko watu waliolinganishwa nao. Nimezisoma zote mbili mara nyingi, na ninavyoona mimi hazipigani. Katika ule wa kwanza, waliouguza bila kuelemewa hawakuonyesha hatari hiyo. Kuuguza peke yake hakumuui mtu. Kinachomla ni kuuguza akiwa peke yake, halafu akiamini kila kisichorudi ni kosa lake.

Nilimpigia Shangazi simu. Nilimwambia nahitaji siku moja kila wiki. Alinyamaza kidogo, akasema, "Mbona hukusema?" Sasa huja kila wiki, na siku hiyo kwenye daftari huachwa tupu kwa makusudi.

Nilikwenda kupima presha. Kipimo kilisoma 152 kwa 94. Nilidhani kimekosea. Baba naye alikuwa na presha kwa miaka mingi na aliacha vidonge miezi kadhaa kabla ya kiharusi kwa sababu alijisikia vizuri. Presha haiumi, ndivyo inavyotupata. Utafiti wa INTERSTROKE, uliokusanya watu karibu 27,000 kutoka nchi 32 na kuchapishwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba mambo kumi yanayoweza kurekebishwa yanahusika na takriban asilimia 90 ya viharusi, na kubwa kuliko yote ni presha. Na si jambo la kubahatisha: tangu mwaka 1991 tunajua, kutoka jaribio la watu 4,736 wenye umri wa miaka 60 na zaidi, kwamba kuishusha presha kwa dawa kulipunguza viharusi kwa asilimia 36. Vidonge vyenyewe ni vidogo kuliko kucha ya kidole changu kidogo. Sasa nameza na mimi, wakati mmoja na Baba, tukitazamana.

Baba hutembea kwa fimbo kutoka kitandani hadi mlangoni na kurudi. Mkono wa kushoto umebaki mapajani, na yeye huubeba kwa ule wa kulia anapogeuka. Hunyoa mashavu yote mawili, la kushoto akikumbushwa. Hajaniuliza tena mkono ni wa nani.

Daftari bado lipo, lakini mistari nimeibadilisha. Tarehe, presha ya Baba, presha yangu. Kila asubuhi namfunga mkanda wa kipimo kwanza, kisha najifunga mimi. Kitufe hukibonyeza yeye, hataki mtu mwingine akiguse. Leo nilikuwa nimeanza kumweleza jambo mkanda ukiwa tayari mkononi mwangu, akaniinulia kidole.

"Weka miguu chini. Egemea. Wakati kinapima hakuna kuongea."

Nikaegemea, nikanyamaza. Akabonyeza.